Chumvi Nitampa, Paswedi Hapana

Tunduma, Jumapili mchana

Kwako mama yangu,

Nisamehe. Miezi minne bila barua ni dharau, najua, na ningekuwa wewe ningenuna. Kila nikishika kalamu nilikuwa na hasira, nikajiambia nisimwandikie mama kwa hasira. Sasa nimeona hasira yenyewe haiishi, basi acha nikuandikie nayo hivyo hivyo. Mgongo unaendeleaje? Neema kikohozi kimeisha? Baba bado anapanda kilima kwenda shambani na mkongojo wake, au amekubali kupumzika? Mimi ni mzima, ila nimechoka.

Mjomba Lameki alipoleta maharage alinipa na ujumbe wako: kwamba Neema amezoea huko, anakuita wewe mama, nimwache mpaka aanze shule. Nilimwambia mjomba sawa. Haikuwa sawa. Ngoja nikueleze kwanza ya ofisini, ndipo utaelewa.

Unajua sisi tunashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Zamani kila karani alikuwa na mafaili yake kwenye kompyuta yake, tukipeana tunapeana kwa flashi zilizojaa virusi. Lori linasimama mpakani kisa karani mwenye faili kaenda msibani. Tajiri wetu, Mzee Athumani, akaleta fundi kutoka Mbeya. Akafunga kompyuta kubwa, sava, na ndani yake akatengeneza kompyuta nyingine isiyoshikika, anaiita mashine pepe. Kompyuta ndani ya kompyuta, mama, kama mimba. Humo ndimo akaweka folda moja ya wote: faili nikiliweka mimi, mwenzangu analiona mezani kwake.

Fundi alikaa siku mbili, akala kuku, akaondoka. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, folda ikapotea kwa kila mtu. Mzee akaniita, "Tumpe! Wewe una utulivu, hebu iangalie. Ikisimama hii, nakupa barua ya ajira."

Barua ya ajira! Ndiyo ile niliyokuahidi, kwamba nikiipata napanga chumba cha maana, namchukua mwanangu. Nikakomaa. Nikampigia fundi simu mpaka akanichoka. Nikagundua kwamba kila umeme ukirudi ile mashine pepe inajipa anwani mpya, na kompyuta zetu zinaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani. Nikaipa anwani isiyobadilika, nikaiamuru iwake yenyewe sava ikiwaka. Ikasimama. Nikamwomba Mzee diski ya kuwekea nakala, maana vitu vyote vikikaa sehemu moja, vikipotea vimepotea vyote. Mara tatu nimeomba. "Tutaona," mara tatu.

Sasa sikia kosa langu. Fundi alisema jina langu peke yake ndilo lina ruhusa ya kufuta, na paswedi nisimpe mtu. Akaja Eliza, karani wa meza ya pili. "Dada, niazime paswedi yako, nipange mafaili yangu kidogo tu." Wewe ulitulea kwamba jirani akija na kikombe kuomba chumvi hanyimwi, hata kama ndiyo ya mwisho. Nikaona kumnyima ni uchoyo. Nikampa. Eliza akakuta folda imejaa, akafuta aliyodhani ni mafaili ya zamani. Kumbe ni ya malori yaliyokuwa bado kwenye foleni! Na ukifuta kwenye folda ya pamoja, faili haliendi kwenye kapu la taka ukaliokote. Limekwenda.

Dereva mmoja Mzambia, Ba Mwape, akaja dirishani. "Mayo, mama, wenzangu wamevuka, mimi nimeota mizizi. Karatasi zangu umezipikia ugali?" Madereva wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee akatuita wote, akasoma kwenye kioo cha kompyuta: aliyefuta, Tumpe. "Jina la nani hili?"

"Jina langu," nikasema. "Mkono si wangu."

Nikamtazama Eliza. Anaangalia kucha. Mama, anaangalia kucha zake!

Mzee akatikisa kichwa. "Ninyi watu wa milimani, vitu hivi mngewaachia wenyewe."

Wenyewe nani? Fundi aliyekula kuku? Nilitaka kumtupia funguo za ofisi yake. Nikamkumbuka Neema, nikazirudisha mfukoni. Akanipa mpaka Ijumaa. Nikazunguka foleni lori kwa lori nikiomba madereva karatasi zao nizitoe nakala, nikakusanya flashi za zamani na virusi vyake, yaliyokosekana nikayaandika upya. Ijumaa asubuhi Ba Mwape akavuka akipiga honi.

Eliza alikuja analia, nikamsamehe, ila paswedi nikaibadilisha. Hata wiki haijaisha: "Dada, ile paswedi..." Nikamwambia, "Eliza, chumvi nitakupa. Paswedi hapana." Sasa kila mtu ana jina lake na mlango wake.

Halafu nikaingia kwa Mzee. "Nataka diski ya nakala na barua yangu ya ajira. La sivyo mwite fundi wako aje ale kuku mwingine." Akanikodolea macho, akacheka peke yake. Diski ninayo. Barua atasaini nikimpelekea cheti cha kidato cha nne, na nataka kimfikie kabla hajageuka.

Ndiyo maana nakuambia, mama, kwa heshima zote: Neema si folda ya pamoja, kila mtu aingie apange. Ulimpokea nilipokuwa sina pa kumlaza, na hilo sitakulipa mpaka naingia kaburini. Lakini ana mama. Chumba nimepata, kina dirisha, na mwenye nyumba ni mjane mpole atakayekaa naye mchana. Usinijibu kupitia kwa mjomba kwamba nisubiri. Nimesubiri.

Msalimie baba. Msalimie shangazi aliyenisuka siku naondoka, na mdogo wangu Sekela aache utoro. Jirani yetu wa chumvi mwambie simlaumu kwa kikombe chake.

Mwanao,
Tumpe

Mjomba anashuka Alhamisi. Mpe hivi: cheti changu, kiko kwenye sanduku la bati, bahasha ya kaki, chini ya kanga yako ya harusi. Kadi ya kliniki ya Neema. Sweta lake la njano, hata kama linambana. Blanketi lake lenye tundu, bila hilo halali. Na Neema mwenyewe, awe ameshiba, akae mbele na mjomba, asipandishwe nyuma kwenye magunia.