Matanga ya Baridi

Kindu, Kasuku, tarehe 4 Machi 2021

Mdogo wangu mpendwa Arsène,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, umevaa soksi, na maji yamerudi kwenye mabomba ya nyumba yako. Nisalimie shemeji yangu Ornella, na uwakumbatie Joël na Sandrine kwa niaba ya shangazi yao. Ukitaka kujua habari za kwetu, huku sote ni wazima isipokuwa wewe. Wewe umekufa. Leo ni siku ya kumi na saba ya matanga yako, na mimi, Arsène, nimechoka hoi.

Usicheke. Kwenye simu ulicheka mpaka ukakohoa, na mimi nilikuwa nimesimama uani kati ya viti vya watu na masufuria yasiyo yangu, natafuta pa kuweka uso. Utajiuliza pia kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani wakati simu ipo. Sababu utaiona huko mbele, na si yote utakayoipenda.

Kosa la kwanza ni lako. Ulipokuwa unahamia huko Texas ulimwambia Mama asiwe na wasiwasi, kwamba kuna joto kama la Kindu, na kwamba hata makoti ya msaada mliyagawa. Mama alishika neno hilo. Kila aliyemuuliza habari zako alijibiwa kwamba mwanawe yuko Amerika ya joto, si ile ya barafu. Halafu Jumanne ile unapiga simu, sauti ya juu, Mama yuko karibu nami anachambua mchele, unasema umeme umekatika siku ya pili, mabomba yamepasuka, mmelala wote wanne juu ya godoro moja mmevaa suruali tatu tatu, maji ya kwenye ndoo yamekuwa jiwe. Unamalizia kwamba mnaganda, mnakufa na baridi. Kisha betri yako inazimika, na tunakaa mpaka Jumamosi bila kukusikia. Mtu mwenye mama wa umri ule haongei hivyo, Arsène. Kama betri imebaki kidogo, unaanza na salamu.

Mama akaniuliza maana ya mtu kuganda. Nikamwambia ni kama mawese yanavyoshikana asubuhi za kiangazi. Akasema mawese yakishikana unayaweka juani, wala hakuna anayepiga simu. Nikamkumbusha mvua ya mawe iliyonyesha kijijini Tunda alipokuwa msichana, ile anayotusimulia kila mwaka, ya watoto kukimbia na sahani kuokota vipande. Akasema vile vipande viliyeyuka kabla hawajafika mlangoni, na hakuna aliyekufa isipokuwa kuku wa baba yake. Nilikuwa nimechoka na maswali. Nikajiona mwenye akili, nikasimamisha pikipiki, nikampakia Mama katikati yangu na dereva, tukaenda sokoni kwa Kassim.

Kassim unamkumbuka, tulikaa naye benchi moja shuleni. Siku hizi anauza samaki wa bahari, wale wanaoletwa kwa ndege, na ana frigo kubwa inayokoroma kwa jenereta. Nilimwomba amwonyeshe Mama baridi ni kitu gani. Akafungua kifuniko, moshi mweupe ukatoka. Akamtoa samaki mmoja akamgonga kwenye ukingo wa frigo, samaki akatoa mlio wa ubao. Mimi mwenyewe, dada yako mjinga, nikashika mkono wa Mama nikauingiza ndani. Aliuacha humo kitambo. Alimgusa samaki machoni. Kisha akamuuliza Kassim kwa upole kabisa: “Kule ku hopitali, kwenye wanalalisha wafu, njo hii mashini?” Na Kassim, asiyejua kunyamaza tangu alipozaliwa, akakubali: “Njo hii mama, ila ile ni mukubwa.”

Tulipofika nyumbani Mama alishuka kwenye pikipiki, akafungua kilemba chake, akakitupa, akaanguka katikati ya ua, akalia. Arsène, alilia kwa jina lako lote, la ubatizo na la babu. Nusu saa haikupita, jirani zetu wa kulia na wa kushoto walikuwa uani, na kabla jua halijapoa turubai lilikuwa limefungwa, viti vimefika, na kwaya ya kina mama imeshika wimbo wa tatu. Nilizunguka nikipiga kelele kwamba u hai, kwamba simu yako imeishiwa moto wa betri tu. Unajua walinifanya nini? Walinikalisha chini wakanipepea. Mama mmoja wa kwaya alinishika kichwa akisema pole, majonzi yamenipanda akilini. Nikakasirika, nikasimama tena, wakaniongezea maji ya kunywa.

Siku tano tulilisha mtaa. Wewe ulipopiga Jumamosi na kucheka kicheko chako, watu walishangilia, kwaya ikaimba wimbo wa shukrani, kisha kila mmoja akachukua sahani yake na kilichobaki ndani yake, wakaondoka. Nikasema afadhali, yameisha. Nikampelekea Mama simu pale alipolala kwenye mkeka. Alikusikiliza mpaka mwisho, na wewe mwenyewe ulidhani ananyamaza kwa furaha. Akanirudishia simu na kuniambia: “Sauti njo yake. Lakini wale batu wanaimbaka mu radio kila siku, si wengi walikufa zamani?”

Nilidhani ni uchovu. Nikakuomba picha, ukatuma watoto wamekaa kwenye theluji, wanacheka, meno nje. Nilisema hii itamaliza kazi. Mama aliishika simu karibu na pua, akaitazama ardhi nyeupe pande zote, akaanza kulia upya, sasa kwa ajili ya wajukuu, akisema wamelazwa kwenye chumvi kama samaki wa makayabu. Nikakuomba video. Unaujua mtandao wa hapa. Uso wako ulikuja, ukasema neno moja, kisha ukakwama hapohapo, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na haukusogea tena. Mama akanitazama mimi, hakukutazama wewe.

Basi ndivyo tulivyo mpaka leo. Viti vimerudishwa, turubai limeondoka, lakini mwenye matanga amekataa kuyaondoa. Analala chini. Hachani nywele. Chakula anachokubali ni uji wa asubuhi, tena nusu kikombe, na miguu imeanza kuvimba. Muuguzi alipita juzi, akanitoa pembeni akaniambia kwamba mtu wa miaka sabini na nne hawezi kukaa hivyo mwezi mzima, kwamba nimwinue kwa njia yoyote. Kwa njia yoyote! Nimemletea padri. Nimemletea Kassim, akaapa mbele yake kwamba frigo ni ya samaki tu. Mama aliwapokea vizuri, akawaombea heri, akageukia ukutani.

Jumapili iliyopita hasira zilinishinda, Mungu anisamehe, nikamkaripia mama yangu mzazi. Nilimkumbusha mwaka 2002, mji ulipozingirwa, watu hawawezi kwenda mashamba, tunakula maembe mabichi na mizizi ambayo sikujua jina lake. Wewe una miaka kumi na saba, unavuka mto kwenda kututafutia majani ya sombe na mihogo, na huonekani tena. Kwamba wale mliovuka nao waliuawa alijua kila mtu. Mwisho wa mwaka ule wanawake walikuja kukaa matanga, na Mama aliwafukuza kwa ufagio. Aliendelea kukuwekea sahani. Nilimwambia: wakati ule, kwenye risasi, hukulia, na leo unamlilia mtu aliyepasukiwa na mabomba? Nilisema kwa sauti kubwa, najuta.

Akanijibu taratibu, bila hata kuinua kichwa: “Ile mara nilikuwa na karatasi.”

Sasa tumefika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito. Mdogo wangu, kaa chini kama umesimama.

Siku zote unasema kwamba ule ujumbe ulioutuma kutoka kambini Tanzania, ile fomu ya Msalaba Mwekundu, ulipotea kwa sababu ya vita. Haukupotea. Ulifika Novemba ya mwaka uleule, ukakabidhiwa mkononi mwangu, mlangoni, Mama akiwa mtoni. Naujua kwa moyo. Uliandika: niko mzima, Mama na Yaya Bernadette, dada yangu, mje haraka, wanaandika majina ya familia. Niliusoma mara mbili, nikauficha kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba ya Fadhili. Baba yake alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu kwenye machimbo ya Kama na habari zake zilikuwa zimekatika. Nisingeweza kutembea mpaka ziwani pa kuvukia Tanzania. Mama angeweza, na ningempa ile karatasi asingelala nyumbani usiku mmoja. Miaka yote hii nimejiambia kwamba nilimkinga na njia ile, maana wengi waliishika na hawakufika. Si kweli, Arsène. Au ni kweli nusu. Niliogopa kuachwa peke yangu, kuzaa peke yangu katika mji wenye njaa. Ndiyo sababu. Na wewe uliniambia mwaka juzi kwamba ulikwenda kila Jumatano kusoma orodha ya waliofika kambini, Jumatano za miaka miwili, mpaka wakakuandikisha kama kijana asiye na ndugu. Uliniambia unacheka. Nilikata simu nikasema mtandao umeanguka.

Baada ya kujifungua niliitafuta karatasi nikaikosa. Nikasema mchwa wameila, na nikafurahi, nisikufiche. Simu zilipofika Kindu na ukatupata, nikaona mambo yamejiweka sawa yenyewe.

Jumapili hiyo Mama alinituma nilete kitabu chake cha nyimbo. Katikati yake palikuwa na ile karatasi, imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Aliiona kwenye droo wiki ileile niliyoificha, akitafuta sindano. Kusoma hajui, lakini aliujua mwandiko wako, ule unaopanda juu kila ukikaribia mwisho wa mstari. Akampelekea marehemu mwalimu Okito, katekista wetu, naye akamsomea yote, na Mama akamwomba asimwambie mtu. Miaka kumi na minane na zaidi amejua kwamba nilimficha. Hajawahi kunitazama vibaya siku hata moja.

Nilipiga magoti pale kwenye mkeka. Nikamuuliza, sasa kwa nini hakwenda, kama alijua ulipo na njia aliijua? Akanishangaa kama mtu niliyeuliza jambo la kitoto. “Ulikuwa na mimba,” akasema. “Ningekuacha na nani?” Kisha akaniomba maji.

Nimelia siku tatu, na watu wa mtaani sasa wanadhani na mimi nimekubali kwamba umekufa. Yaani hata kulia kwangu kunaharibu mambo.

Kwa hiyo, Arsène, ndiyo maana ya barua hii. Mara ya kwanza alikusadiki kwa karatasi, na mara hii anataka karatasi. Simu haitaki. Picha haitaki. Chukua kalamu, andika kwa mkono wako, si kwa mashine, na uache mistari ipande kama zamani. Mwambie u mzima, mwambie watoto wamekaa kwenye theluji na si chumvi. Mwambie pia ukweli kuhusu joto la huko, maana anasema mtu aliyemwambia kuna joto na anayesema kuna barafu hawawezi kuwa mmoja. Kuhusu mimi, niandikie karatasi ya pili, pembeni, na useme lolote unaloona nastahili. Sitajitetea. Lakini ya Mama itangulie, miguu yake haisubiri hasira zetu.

Barua hii anaibeba Ephraïm, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeuza mabati karibu na kwetu. Kesho anapanda ndege ya Goma, kisha atavuka mpaka Kigali akaitie posta. Yako irudie njia hiyohiyo, nimekuandikia anwani yake nyuma ya bahasha.

Fadhili anakusalimia wewe mjomba wake. Amekuwa mrefu kunipita. Kassim naye anakusalimia na kuomba radhi, ingawa mimi bado sijampa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na jua la huko lirudi kazini.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,
Bernadette

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mama ameniuliza naandika nini muda wote huu, nikamwambia namwandikia Arsène. Akasema haiwezekani kumwandikia maiti. Kisha akainuka, akatoa blanketi alilokuwa analalia, akalikunja, akalifunga kwa kamba ya kitenge chake, akaliweka juu ya barua. Ephraïm, aliyekuja kuichukua, analalamika kwamba bahasha imegeuka furushi. Nimemuuliza Mama kama basi anakubali kwamba u hai. Amesema hapana. “Kama njo yeye, ajifunike. Kama hapana yeye, ule mutu atalipata ajifunike.” Sasa amebaki na mkeka mtupu. Andika haraka.