Vikombe Viwili vya Maziwa

Mjukuu wangu Upendo,

Kamwene! Huku Igowole tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo kwa baridi, lakini jana alirudi shamba akiimba.

Unauliza kama maziwa anayowapa bosi huko Mbeya yanaondoa mwilini sumu ya tina mnayochanganyia rangi.

Usichanani nilipaka vanishi samani kwenye karakana moja pale Kihesa, pamoja na rafiki yangu Rehema, mjamzito. Kila asubuhi tulipewa kikombe kimoja kimoja cha maziwa. Changu nilimpa yeye, yawalinde yeye na mtoto aliye tumboni. Mimi nilikuwa napaka karibu na mlango, yeye ndani kabisa, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi.

Siku moja Rehema akaanguka. Tulimbeba nje. Fundi mkuu, Mzee Kanuti, akafoka, "Leo hakunywa maziwa?"

"Amekunywa vikombe viwili, mzee. Chake na changu."

Akayatazama madirisha, kisha akaenda kuyafungua yote mwenyewe. Tangu siku ile tulipaka uani.

Rehema alijifungua salama. Mtoto alilia akasikika hadi nje ya wodi, nami nikakaa kwenye ngazi, nikicheka huku machozi yananitoka.

Maziwa yanywe, mama, ni chakula. Nawa mikono, ule ushibe. Ila ile harufu ya tina huingilia puani, na maziwa hayapiti huko. Niliposoma kwamba nyie mnapaka nje, penye upepo, nilipumua.

Bibi yako