Namba Mbili Ilikuwa Kazimia

Baraka, tarehe 6 Novemba 2023

Yaya Solange, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Baba na bamama wa kwaya hapo Lweba. Kifua cha Baba kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma. Namtuma mama Aline akuwekee barua hii mkononi, kwa sababu simu huwa anaipokea Baba, na kuja mwenyewe nimeshindwa. Najua harusi yako na Jérémie ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ndiyo maana siwezi kungoja.

Ulikuwa ukiicheka kazi yangu, kwamba nalipwa kuongea na mashine. Shirika letu lina seva mbili za kutunza mafaili ya wagonjwa, moja Kazimia, moja Ubwari, nami nazihudumia nikiwa hapa bureau, ofisini kwetu Baraka. Mtandao ukikatika, kila seva ina kisanduku chenye kebo ya console na modemu yake ya laini ya simu. Napitia humo na kuandika amri kana kwamba nimekaa mbele yake. Picha hakuna, ni maandishi tu. Kwenye orodha yangu Kazimia ni namba mbili, Ubwari namba tatu. Aliyelinda chumba cha seva cha Kazimia na kuikagua alikuwa Gordien. Gordien wako, Yaya. Niache niandike hivyo.

Mwezi wa tatu mvua ilikata mtandao, na uliporudi seva ya Kazimia ilikutwa imezimwa, ndani tupu. Mafaili ya miaka minne, wagonjwa wa kifua kikuu na dozi zao, yote yamepotea. Chef Placide, mkubwa wangu wa kazi, hakuchunguza. Alisema Gordien alikuwa akiwachajia majirani simu kwenye betri zetu, betri zikaisha, diski ikafa. Kweli aliwachajia, nani Kazimia hakujua? Wakamfukuza mbele ya watu, wakisema bakimbizi ba Burundi biko vile tu. Baba akasikia, akawarudisha mlangoni wajumbe wa posa wa Gordien, akasema binti yake haolewi na mwizi. Ulilia wiki nzima, nami nikawa nakuletea maji ya kunawa uso. Najichukia kwa yale maji.

Ni mimi niliyeifuta.

Nilitaka kuisafisha seva ya Ubwari niiandae upya, nikachagua namba mbili badala ya tatu. Console huonyesha jina la mashine, lakini hizo mbili nilikuwa nimezipa jina moja, kwa uvivu, nikisema nitabadilisha baadaye. Nikaandika amri, nikabonyeza, nikaenda kula ndagala, simu nikaiacha mezani. Niliporudi nikakuta Gordien amenipigia mara saba. Nikaelewa, nikanyamaza. Miezi minane, Yaya, na katikati yake nikapandishwa cheo.

Juzi nilipanda boti hadi Kazimia. Siku hizi anaanika ndagala za watu. Nilipoanza kumweleza akanikata, akasema anajua tangu siku ile. Kisanduku kile kinaruhusu watu wawili kuangalia console moja. Alikuwa ameunganisha laptop yake kukagua seva, akaona herufi zangu zikitokea moja moja. Alinipigia anizuie. Nilipokosa kupokea, akachomoa waya wa umeme, lakini alikuwa amechelewa.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema mimi ni ndugu yako; kama angenichongea, Baba angemkatalia kukuoa.

Kisha aliniomba nisikuandikie, nikuache uolewe kwa amani. Nimemkatalia. Leo asubuhi nimempa Placide maelezo yote kwa maandishi, na sahihi yangu. Aliyasoma mara mbili, akaniomba funguo za bureau. Uamuzi wa Jumamosi ni wako, si wangu wala wa Baba. Msamaha sikuombi, sina uso wa kuuomba.

Wape salamu wote wanaoniulizia. Na Baba msalimie sana, kisha umsomee barua hii mwanzo hadi mwisho, wala usiliruke jina langu.

Ni mimi mdogo wako,
Lionel