Mizizi Uliyonitumia, Mama

Chiwanda, ziwani

Mama,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, siyo kwa sababu moyo umetulia. Hamjambo lakini? Goti la baba limepata nafuu, au bado anashuka kwenye mashimo yake ya ngolo kulima kwa ubishi tu? Kahawa mmeshamaliza kuchuma? Dereva wa lori anasema siku hizi wanunuzi binafsi wamejaa huko Kitura, kila mmoja na mzani wake, na baba anagombana nao wote. Hapo nilicheka. Sisi huku wazima. Osmundi amekuwa mtundu kweli, anaongea Kinyasa cha huku tu, ukimsalimu kwa Kimatengo chetu anakukodolea macho. Usipa mwaka huu ni mwingi, umeanikwa kila mahali, hadi nguo kwenye kamba zinanuka samaki.

Salamu zimetosha. Sasa nisikilize.

Kifurushi chako dereva alinifikishia. Mizizi umeifunga vizuri kwenye jani la mgomba kama kawaida yako, na maneno ukamtuma: "Mwambie achemshe, anywe asubuhi kabla ya kula, safari hii atashika mimba." Mama, nimeitupa chooni. Wewe unajua kwa nini, na mimi sasa najua.

Zahanati yetu wameleta nesi mpya, mama mtu mzima, amehamishwa kutoka huko Mbinga. Nilimpeleka Osmundi, alikuwa na homa. Yule mama akaniangalia, akamwangalia mtoto, akapiga makofi. "Jamani, si wewe binti wa Kitura! Na huyu ndiye yule mtoto? Ulitutoa jasho, mwanangu. Mshono haukusumbui?" Nikamwambia mshono hauna neno, ila siku zangu hazijarudi tangu nijifungue, na mtoto wa pili hataki kuja, mama ananitumia dawa. Akaweka kalamu chini. Halafu akaniuliza taratibu, "Dawa ya nini, mama? Hawakukuambia? Baada ya upasuaji damu ilikataa kusimama. Daktari ilibidi atoe kizazi. Mama yako ndiye aliyekubali."

Nilikaa kwenye benchi hata homa ya mtoto nikaisahau. Wanawake wote kwenye foleni walisikia. Mwili wangu mwenyewe, na habari zake nimezipata pamoja na watu wa foleni!

Sikatai, ulinipigania. Mimba ya kwanza binti anajifungulia kwao, ndiyo maana nilipanda kuja kwako na tumbo langu. Nakumbuka uchungu ulivyogoma, na wewe ukikimbia madukani Mbinga kutafuta glavu na uzi, maana walisema kila mgonjwa aje na vyake. Nilipozinduka ulikuwa umeshika kanga zangu zimelowa damu, midomo imekukauka. Kaka yupo kitanda cha pili, ametoka kunitolea damu. Nyumbani ukaniogesha, ukanipikia uji wa ulezi, ukanikataza kuinama, hata ndoo ya maji ulininyang'anya. Mama, ungeniambia wakati ule ningekulilia kifuani, ningelia hadi nichoke, basi.

Najua utasema nini. Utasema, "Nilijua ukisikia utahuzunika na maziwa yatakauka." Sawa, hilo nakupa. Mtoto alikuwa mchanga. Lakini Osmundi ameacha ziwa zamani, sasa hivi anaiba sukari kabatini! Ulikuwa unalinda maziwa gani?

Nilikuuliza, Mama. Nilikuuliza kwa mdomo wangu huu mbona sioni siku zangu. Ukaniambia, "Ulimwaga damu nyingi, mwili unaweka akiba kwanza." Nami nikaamini. Nikawa nawaeleza na wenzangu huku, mwili unaweka akiba, nimeambiwa na mama yangu. Mama mkwe akiparua samaki anasema kwa sauti ili nisikie, "Wengine wakizaa mmoja wanafunga duka." Namjibu, subirini, mama yangu analeta dawa. Nimekunywa uchungu ule hadi natapika, na nikitapika nafurahi, nadhani nimeshika.

Na Pasaka ile nilipokuja? Ulinipeleka kanisani, tukapiga magoti mbele ya Bikira Maria, tukawasha mshumaa, ukaomba Mungu anipe mtoto wa kike. Kwa sauti, Mama! Mimi pembeni yako naitikia amina. Ulikuwa unamdanganya nani pale, mimi au Yeye?

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Baba Osmundi. Akaendelea kukoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. "Mama yako aliniapisha," akasema. "Aliniambia ukijua utajiua." Kumbe naye! Mama yake ananisema na yeye anakula ugali wake kimya. Nimemwambia aende akamweleze mama yake mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa palepale. Akaeleza, jasho linamtoka. Mama mkwe akainuka akaenda zake. Asubuhi yake alikuja na samaki mkubwa, akamtengeneza yeye mwenyewe jikoni kwangu, akanipakulia. Huyo ndiye niliyekuwa nakuletea mashtaka yake.

Juzi nikarudi kwa nesi kumuuliza kilipelekwa wapi hicho kizazi changu. Akasema watu wa hospitali walitaka kukitupa kwenye shimo lao, wewe ukakataa katakata. Ukakiomba, ukakifunga kwenye kanga yako, ukaenda kukizika nyumbani kama tunavyozika kondo la nyuma. Nikalia, Mama. Sikulia hata siku ya kwanza. Kwa hiyo unapita hapo kila siku. Na mimi nimekuja, nimelima, nimekata ndizi, labda nimepakanyaga, na wewe unaniangalia tu.

Lori likirudi kuchukua mahindi nitapanda nalo, Osmundi namwacha na bibi yake. Usichinje kuku. Usiite watu waje kunibembeleza, wala usianze kulia kabla sijashuka. Maelezo sitaki, yako nimeyasikia mengi. Unishike mkono, unipeleke hapo, useme, "Ni hapa."

Nisalimie baba. Kama naye alijua, msalimie hivyohivyo, yeye hajawahi kunichemshia mzizi. Kaka mwambie namshukuru kwa damu yake, sijawahi kumshukuru vizuri. Wifi na watoto wake wote nawasalimu. Shangazi, maana naye lazima alijua, mwambie tutaonana, asijifiche.

Nawe, Mama, mdomo ukishindwa siku hiyo, nyoosha kidole tu. Nitaelewa.

Mwanao,
Skolastika