Maziwa ya Ng'ombe wa Kanisa

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa, maana kila mtu wa hapa yumo ndani yake. Mimi ni msichana, nimemaliza darasa la saba mwaka jana, tunakaa Usangu, wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao nikiwa mdogo. Naona haya sana kusema mbele za watu. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, hata ninalolijua, nilikuwa natazama dawati mpaka aulizwe mwenzangu.

Kwenye sikukuu ya mavuno baba yangu, Mzee Masunga, alimtolea Mungu mtamba mwekundu, akina mama wakapiga vigelegele na Padre akambariki, lakini kwa kuwa Padre anakaa misioni ya mbali na hana zizi wala mchungaji, alimwomba baba amtunze kwa desturi yetu ya kuwekeshana ng'ombe, yaani maziwa na samadi ni vya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mtamba akazaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkamua.

Sasa jirani yetu Msangu, Dada Severina, alifariki baada ya kujifungua, akaacha mtoto wa kike anayeitwa Roza, naye analelewa na bibi yake ambaye hana hata mbuzi. Nilipokwenda msibani nilikuta bibi anamdondoshea mtoto maji ya mchele mdomoni, na mtoto analia kwa sauti ndogo kama ya paka, nikarudi nyumbani nikamkamua yule ng'ombe wa Kanisa, nikasema moyoni, kama ng'ombe ni wa Mungu basi Mungu ndiye anajua maziwa yake yaende wapi, nikapeleka, na kesho yake nikapeleka tena, ikawa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi, na mama akiniuliza namwambia ng'ombe amepunguza maziwa. Mama Mshauri, Roza amenenepa. Mashavu yamejaa, anakaa mwenyewe kwenye mkeka, na akiniona tu anapiga miguu kabla hata sijafungua kibuyu.

Mwenyekiti wa kigango chetu, yaani kanisa letu dogo la hapa kijijini, Mzee Selestini, akapata habari. Jumapili moja ambayo Padre hakuja, wakati wa matangazo, alisema kuna binti anagawa mali ya Kanisa bila ruhusa, kwamba maziwa yale yangeuzwa tukapata mishumaa, na kwamba kuhudumia yatima kuna wenyewe, ndio Padre na masista, sisi wengine kazi yetu ni kusali na kutoa zaka. Baba akajibu kutoka upande wa wanaume kwamba maziwa si ya Kanisa, ni yake yeye aliyewekeshwa. Wakabishana pale pale, kila mmoja akidai maziwa ambayo Roza alikwisha kuyanywa, watu wakaanza kucheka.

Sijui nani aliniinua. Nilijikuta nimesimama, nikasema: "Baba, na wewe Mzee Selestini, naomba radhi. Masista wako mbali, na Roza ana njaa leo. Sote tulibatizwa. Mimi najua kukamua, basi ninakamua."

 Nyuma kabisa Mama Asukile, ambaye hata kuimba haimbi, akasema, "Na mimi najua kutwanga." Mwingine akasema yeye anajua kufua, mwingine akasema mumewe anajua kuezeka ila hajawahi kuombwa, na mumewe alikuwa amekaa hapo hapo. Tangu siku hiyo nyumba ya bibi yake Roza haikosi mtu. Kuni zinafika, shamba limepaliliwa, na paa ni jipya. Jumapili ile nilitoka kanisani najiona mrefu kuliko mlango.

Lakini baba ameudhika sana. Anasema nilikuwa namwibia, na zaidi ya hapo nimemvunjia heshima mbele ya wanaume wenzake. Ng'ombe amemkabidhi wifi yangu. Amesema nisipopiga magoti kuomba radhi sitakamua tena, na kuanzia mwisho wa wiki hii maziwa yote yatakuwa ya samli. Nikiomba radhi naona kama nitakuwa nimekana niliyoyasema kanisani, na nisipoomba, Roza atakunywa nini, maana wenzangu wana mikono lakini hawana ng'ombe. Nifanyeje?

Ni mimi binti yako,
Leokadia Masunga, Usangu, Mbeya

*

Leokadia mwanangu, marahaba. Barua yako nilianza kuisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Kigango kizima kilikuwa kinamsubiri Padre aje afanye kazi ambayo kila mtu alikuwa na mikono ya kuifanya, na wewe, mwenye haya, ukakiamsha. Maneno yale usiyaombee radhi kwa mtu yeyote.

Sasa nikugombeze. Ulimdanganya mama yako. Mwenzio alikuwa akiona samli inapungua, anahangaika ng'ombe ana nini, kumbe ng'ombe mzima na binti ndiye mwenye ugonjwa wa kuficha. Na baba yako ana haki ya kuudhika. Kwa desturi yenu, ambayo Padre mwenyewe aliikubali, maziwa yale ni yake. Ulidhani cha Mungu hakina mtu wa kuulizwa hapo nyumbani. Mwanangu, kila cha Mungu kina mtu aliyekabidhiwa akitunze, na ng'ombe huyu alikabidhiwa Mzee Masunga. Ulitoa sadaka ya mtu mwingine, ukamnyima nafasi ya kuitoa mwenyewe.

Kwa hiyo piga magoti leo, usingoje wiki iishe. Anza kwa mama yako. Kisha mchukue bibi yake Roza, na mtoto umbebe wewe, mwende kwa baba yako mchana, mlango ukiwa wazi. Sidhani kama amewahi kumwona huyo mtoto karibu. Mpakatishe mtoto kwanza. Halafu sema: "Baba, nilikuficha, nisamehe. Nilitoa kilicho chako bila kukuuliza. Sasa nakuuliza." Ukishasema hivyo funga mdomo, usimhubirie. Mtu aliyetoa mtamba mzima kwa moyo wake hatashindwa na kibuyu cha maziwa.

Maziwa yachemshwe kila mara, mtoto anywe kwa kikombe na kijiko vilivyooshwa vizuri, na apelekwe zahanati akapimwe uzito. Kama Mzee Selestini ana baiskeli, mwombe awapeleke. Usimkwepe yule mzee, mpe kazi. Wanaosema huduma ina wenyewe, mara nyingi ni watu ambao hawajaombwa.

Jambo la mwisho ndilo litakalokutetemesha, nalo ndilo ninalolitaka zaidi. Jumapili, wakati wa matangazo, simama tena. Mtaje baba yako kwa jina mbele ya wanaume wale wale, umshukuru kwa maziwa anayompa Roza. Heshima uliyomvunjia pale, mrudishie pale. Usitazame chini. Sauti unayo, tumeisikia mpaka huku Iringa.