Mume Wangu Alinikana Nikila Samaki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumapili ifike, maana nikinyamaza tena sitajisamehe. Mimi ni Akello, mke wa Waweru, tunaishi Gitothua hapa Ruiru na tuna msichana mmoja, Mitchell. Juzi wakati wa likizo Waweru alitupeleka Mombasa, akasema lazima tule kwa ile hoteli ya samaki na chipsi iko ufuoni, ile watu hupanga foleni mpaka nje, na tulipopata meza nikaletewa samaki mzima wa kukaangwa, moto, na ndimu na pilipili, na mimi nimekulia kando ya ziwa, uma ni ya nini, nikanawa mikono nikaanza na kichwa, nanyonya mifupa, yawa, nasikia raha, Mitchell amelala kwa kiti, Waweru ananikanyaga mguu chini ya meza nafikiri ni mchezo, kumbe bosi wake wa kiwandani Thika, Bwana Gerishon, ameingia na bibi yake na wamesimama hapo mbele yetu. Yule mama akauliza, "Na huyu?" Waweru akasema, "Huyu hutusaidia na mtoto. Bibi yangu amebaki kwa rumu, kichwa kinamuuma."

Mshauri, mdomo wangu ulikuwa umejaa samaki. Nilipomeza walikuwa wameshavuta viti, nami nikanyamaza, hata yule mama aliponiambia nimshikie mkoba wake nikaushika mpaka kwa gari.

Sasa hao wageni wanakuja kwetu Jumapili baada ya kanisa kuona nyumba, na Waweru amemwomba binamu yake Shiko akae sebuleni kama bibi yake, mimi nipike na nilete chai. Ananiambia, "Ni masaa mawili tu, mama Mitchell, cheo changu kiko karibu, usiniharibie." Shiko amekubali, tena ameuliza avae nguo gani! Sitaki kuachana na Waweru, kwa mambo mengine ni mtu mzuri, lakini kujifanya mfanyakazi kwa nyumba yangu nimekataa, ila nikisema na akose cheo atanilaumu maisha yote. Nifanyeje?

Akello, Gitothua

JIBU

Akello, pole sana. Hiyo ni aibu, lakini si yako. Kula samaki kwa mikono ufuoni ni kosa gani? Nusu ya watu kwa hiyo foleni walikuwa wanaenda kufanya vivyo hivyo.

Lakini wacha nikugombeze pia. Kumeza samaki huchukua muda gani? Ulimeza, halafu ukabeba mkoba wa mtu mpaka kwa gari! Hapo ulimsaidia Waweru kudanganya, ndiyo maana leo hana haya kukuletea Shiko. Huyo Shiko mwambie abaki kwao na nguo zake. Na Mitchell akikuita mama mbele ya wageni, mtamziba mdomo?

Cheo kisikutishe. Aliyemdanganya bosi ni Waweru, na kikipotea amekipoteza yeye.

Leo jioni mkalishe. Mwambie ampigie Bwana Gerishon simu mwenyewe, akiri kuwa wewe ndiye bibi yake, wewe ukiwa umekaa hapo unasikia. Usipige kelele, na usikubali kuambiwa "tutaona". Akipiga, msamehe, wapikie wageni na mle pamoja nao. Akikataa, usikimbilie kwenu wala usijifungie jikoni. Jumapili vaa rinda lako la kanisa, mshike Mitchell mkono, ufungue geti wewe mwenyewe na useme, "Karibuni. Mimi ni Akello, bibi ya Waweru." Kisha ukae na wageni, chai ailete yeye.

Na yule mama akikuuliza mbona hukusema siku ile Mombasa, mjibu ukweli: "Nilikuwa nangoja mume wangu aseme."