Nabeel Ameitia Jina Lake Hadithi Yangu

Furaha, upo?

Nimetoka sasa hivi Utende, kwenye mkutano wa sisi watunzi wa hadithi za podikasti. Nabeel ndiye aliyetuita, eti tuwe kitu kimoja, tusomeane kazi, turekebishane.

Akawasha spika tusikie kipindi chake kipya. Furaha, ni hadithi yangu! Ile ya mkulima wa mwani ambaye mumewe hajarudi kutoka kisiwa cha Shungimbili. Niliiweka kwenye grupu letu la watunzi mwezi uliopita wanirekebishe. Mwisho nasikia, "Mtunzi ni Nabeel." Nabeel!

Nikasimama. "Hiyo ni yangu."

Akacheka! "Biubwa, si tulikubaliana hapa kazi ni ya wote?"

Ya wote, ila jina lake. Na watu wakainamia simu zao.

Narjis, aliyemsomea hadithi kwenye kipindi, akamgeukia: "Mimi uliniambia umetunga wewe."

Narjis akachukua simu ya Nabeel, akakifuta kipindi mbele yetu. "Sauti ni yangu. Sikupi."

Tumeondoka pamoja. Kesho tunairekodi upya, wawili tu.

Na huyo Nabeel akinitolea salamu njiani, siitikii.